Mcharo Amestaafu

Voi,
Jumamosi mchana

Kaka Nyambu,

Kwa heshima zote, na baada ya mashauriano marefu kati yangu na mimi mwenyewe, natangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi, MCHARO hataitwa tena MCHARO. Ataitwa PANGA. Umma unaombwa kutulia.

Umma ni mimi, na karani mpya Mumbua, na yule paka wa stoo, na sote tumetulia. Anayehitaji kutulizwa ni wewe, ndiyo maana nimekaa hapa siku ya mapumziko, nimefunga dirisha vumbi lisiingie, nakuandikia barua.

Nilikuahidi sitagusa majina. Nimeyagusa. Sasa sikiliza kwanza kabla hujakunja uso.

Sijui huko uliko wanakuachia kumbukumbu kiasi gani, kwa hiyo nitakueleza kama mtu asiyejua kitu. Utanisamehe. Ulinieleza hivyo hivyo mimi nilipokuwa mpiga taipu, na sikukasirika, au sikuonyesha.

Kila kipande cha programu kilichofanya kazi moja ulikiita kibarua. Unamwita kwa jina, anafanya kazi yake, anaondoka, humwoni tena mpaka umwite. Ulikuwa na vibarua kumi na mmoja ndani ya diski moja, na nakala za diski hiyo zilitumika katika ofisi zetu zote tatu za mradi wa mvua: Voi, Mwatate na Taveta. Walimu walitujazia kadi za vipima mvua vilivyowekwa kwenye shule zao, karani akaziingiza kwenye kompyuta, vibarua wakafanya yao, na ripoti ikatoka kuwaambia watu wa mbegu wapeleke nini wapi. Na kwa kuwa ulikuwa mtu wa Ronge kwanza na mtu wa kompyuta baadaye, vibarua wako uliwapa majina ya majirani zenu.

MKAWASI alipepeta kadi na kutupa zenye uongo, maana Mkawasi wa kwenu hajawahi kununua maharage bila kuyamwaga kwanza kwenye ungo. Ndiye aliyeitupa ile kadi ya Miasenyi iliyosema mvua imejaza kipima wakati wa kiangazi, na baadaye mwalimu akakiri kwamba watoto walikuwa wakioshea humo kalamu. RIGHA alirudia jambo moja mpaka aambiwe basi. Anayemjua Righa hahitaji maelezo. MWADIME alisubiri printa imalize, kwa heshima ya Mwadime aliyemchumbia binti mmoja wa Mwatate miaka tisa, akamngoja hata baada ya binti kuolewa na mtu mwingine.

Na MCHARO alipanga. Kadi zinaingia ovyo, yeye anazitoa kwa mpangilio: Mwatate mahali pake, Ronge mahali pake, Miasenyi mahali pake. Nilidhani jina hilo ulilichagua kwa kuwa Mzee Mcharo anapenda unadhifu. Sikujua zaidi ya hapo, mpaka siku ya mazishi yako.

Nitafika huko. Ngoja kwanza nianze na wodi.

Ulikuwa umelala upande, kifua kinapiga kelele kama printa iliyokwama karatasi. Nilikuletea kimanga, mihogo na maharage yaliyopondwa, kwenye bakuli la bluu, ukakitazama tu. Wewe, Kaka, ambaye ulikuwa unakula chako na kunisaidia kumaliza changu. Hapo ndipo nilipojua. Ukanishika kidole hiki kimoja, cha shahada, ukasema, "Mghoi, usiguse majina. Ukiyagusa, Taveta wataanguka." Nikacheka, nikakwambia utarudi uyalinde mwenyewe. Hukucheka. "Niahidi." Nikaahidi.

Taveta. Hata pale kitandani uliwaza Taveta. Mwatate walikuwa wakituletea malalamiko kila mwezi, diski haisomeki, Righa hanyamazi, Mwadime amesinzia. Taveta hawakulalamika hata siku moja. Ripoti yao ilikuja kwa wakati, safi, imepangwa vizuri kuliko yetu, na wewe ulikuwa ukiinyanyua juu mbele ya wale wa Mwatate na kusema, "Tazameni. Taveta ndio wanaojua kukitumia kitu." Programu zao wenyewe waliziandika juu ya vibarua wako, ulikuwa na hakika, na kama tungebadilisha jina moja hapa Voi, kule mtu angemwita MCHARO na asiitikiwe na yeyote.

Basi nikaahidi, ukafa, tukakupeleka nyumbani.

Hukuyaona mazishi yako, kwa hiyo nikuambie. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Ulipofika wakati wa kupita mbele ya jeneza palikuwa na vurugu, kila mtu anasukuma, mashemeji wamechanganyika na wanakwaya. Ndipo Mzee Mcharo akajitokeza na koti lake jeusi. Hakupiga kelele. Alianzia mwanzo wa mstari akawatazama watu wawili wa kwanza. Anayestahili kutangulia akamweka mbele. Akasogea hatua moja, akawatazama wawili wanaofuata, akafanya vilevile. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akaanza upya. Wawili wawili, wawili wawili, bila kusema neno, mpaka alipopita safari nzima bila kumgusa mtu yeyote. Akasimama. Mstari ulikuwa umenyooka.

Nikasimama pale na leso mdomoni, na watu wakadhani nalia. Nilikuwa nalia, ndiyo, lakini pia nilikuwa nasoma. Mistari ishirini na miwili ya programu ilikuwa inatembea mbele yangu na koti jeusi. Hukumpa kibarua jina la Mcharo kwa mzaha, Kaka. Ulikuwa umekaa mazishi ya watu wengi, umemtazama yule mzee, ukaenda kuandika anachofanya.

Kwa hiyo usifikiri nimelibadilisha jina kwa sababu sikulielewa. Nimelibadilisha baada ya kulielewa, na hiyo ndiyo iliyouma.

Yaliyotokea ni haya. Nafasi yangu ya zamani ya kuingiza kadi alipewa Mumbua. Msichana mwenye akili, Mkamba aliyezaliwa Miasenyi, ameolewa huko kwenu Ronge, ana mtoto mmoja, Kezia. Vidole vyake vina kasi kuliko vyangu, na sisemi hivyo kirahisi. Kila mwisho wa mwezi kazi yake ni kuandika orodha ya vibarua: aanze kumwita nani, amalizie na nani. Nilimwachia mfano wako ukutani, akaufuata. Nikamwamini, nikaendelea na yangu.

Mwezi wa kwanza ripoti ikatoka na majina ya mahali yamekaa kiholela. Nikalaumu umeme. Mwezi wa pili nikalaumu diski. Mwezi wa tatu watu wa mbegu, ambao kwa miaka yote wamezoea kwamba mstari wa tisa ni Ronge na hawasomi hata jina, walisoma mstari wa tisa. Mstari wa tisa safari hiyo ulikuwa Miasenyi. Lori la mbegu za nyanda kavu likaelekezwa milimani, na mahindi ya milimani yakapakiwa kwenda Miasenyi, mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuhakikisha. Tulilisimamisha lori getini. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

Wiki hiyo hiyo akaja bwana kutoka Nairobi, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. Akafungua karatasi za programu zako kwenye meza yangu. Akasoma. Akanitazama. "Huyu Mcharo," akauliza, "ni kifupi cha maneno gani?"

Nikamjibu si kifupi, ni mrefu, karibu futi sita, na anaishi Ronge.

Hakucheka. Nilijua asingecheka, lakini mtu hujaribu. Akasema kazi hii imeandikwa na mtu mmoja, inaeleweka na mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Akatoa amri: kufikia mwisho wa mwezi huu, kila jina lieleze kazi yake, mgeni yeyote asome na kuelewa, na ofisi zote tatu zisisimame hata siku moja. Tukishindwa, diski zako zinafutwa na tunaletewa programu zao. Vibarua wote kumi na mmoja. Alisema "zinafutwa" huku akipangusa vumbi la Voi kwenye kiatu chake, na sijui alikuwa anaangalia kipi.

Alipoondoka nikamkalisha Mumbua. Nikamwuliza kwa upole, kwa upole wangu ule unaoujua, kwa nini kibarua wa tatu kwenye orodha hakuitwa kwa miezi mitatu.

Akainamisha kichwa. "Dada Mghoi, huyo siwezi."

"Huwezi kuandika herufi sita?"

"Huyo ni baba mkwe wangu."

Kaka, hebu fikiria. Msichana ameolewa na mtoto wa Mzee Mcharo! Kwao alikolelewa jina la baba mkwe halitoki kinywani mwa mke wa mwana, wala halitoki kwenye vidole vyake. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anafika kwenye jina lile, anaona haya peke yake mbele ya mashine, anaruka. Akaongeza: "Na tena si kumtaja tu. Ni kumwamuru. Mimi nimtume yule mzee akapange kadi, kama mfanyakazi wangu?"

Wewe ungefanyaje? Uliwaza Taveta, uliwaza umeme, uliwaza panya kwenye nyaya. Hukuwaza mkaza mwana.

Siku mbili nilizunguka nikiwa nimebeba ahadi yako upande huu na diski yako upande ule. Nikiitimiza ahadi, majina yanabaki na kazi inafutwa. Nikiivunja, kazi inabaki na wewe nimekudanganya ukiwa unakata roho. Siku ya tatu nikachonga penseli nyekundu.

Nilitandaza ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni kwenye baraza, kutoka mlango wa meneja mpaka choo. Nikapiga magoti nikamtafuta kila Mcharo, kila Mkawasi, kila Righa, mstari kwa mstari. Meneja alipita kwa kuruka kama mtu anayevuka mtaro. Nikampa MCHARO jina la PANGA. MKAWASI akawa PEPETA, RIGHA akawa RUDIA, MWADIME akawa SUBIRI. Najua, hayana ladha, ni kama chakula cha wodini. Lakini mgeni akisoma PANGA anajua kinachotokea, na Mumbua anaweza kuandika PANGA bila kumvunjia mtu heshima.

Jaribio la kwanza lilianguka. Nilibadilisha jina la MCHARO, nikasahau kwamba ndani yake alikuwa anamwita RIGHA amhesabie safari za kwenda na kurudi kwenye mstari. Akamwita Righa, akamwambia arudie mpaka MCHARO aseme basi, na MCHARO hakuwepo tena kusema. Righa akaanza. Akachapa neno Ronge, akalirudia, akalirudia, mpaka boksi zima la karatasi likaisha, na hata karatasi ilipoisha aliendelea kuchapa kwenye roli tupu. Nikachomoa waya ukutani. Nilisikia kabisa ukicheka.

Nikarudi kwenye baraza na penseli.

Kisha likaja suala la Taveta, maana sikuwasahau. Ile sehemu ya ahadi niliishika kwa meno. Nilifanya hivi, na naomba unipe sifa kwa sababu hakuna mtu mwingine hapa anayeweza kunipa: sikumfukuza yeyote mlangoni. Jina la MCHARO bado lipo kwenye diski, ila halifanyi kazi tena, limekaa kama bawabu. Programu yoyote ya zamani ya Taveta ikimwita, bawabu anaipeleka kwa PANGA, kazi inafanyika, na kwenye kioo panatokea maneno: "Mcharo amestaafu. Safari nyingine muite Panga." Wana mpaka mwisho wa vuli kuzoea. Nimewatengenezea diski mpya nikaiweka ndani ya kadibodi mbili, nikaandika maelezo ya kurasa nne, nikayapiga taipu mara tatu ili pasiwe na kosa, nikaipeleka stesheni mwenyewe na kumwekea mikononi mhudumu wa treni ya Taveta. Nilimwambia asiiweke karibu na redio yake. Aliniona kichaa. Sawa.

Mwatate walipata ya kwao siku hiyo hiyo. Wameshalalamika.

Habari hazikai, hufika Ronge. Jumatano iliyopita nikasikia hodi, nikainua kichwa, koti jeusi. Mumbua alitoka kwa mlango wa nyuma kabla sijamaliza kusema karibu.

Mzee Mcharo alikaa, akaweka kofia gotini. "Nimesikia nimefutwa kazi," akasema.

"Mzee, si hivyo."

"Si kitu. Ila sikujua nilikuwa nimeajiriwa. Kumbe miaka yote hii nafanya kazi Voi huku nimelala Ronge?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka ya wodini, mpaka ya kidole. Nikamwonyesha ile mistari ishirini na miwili na jinsi inavyotazama wawili wawili, inasogea, inarudi mwanzo. Akaifuata kwa ukucha wake mrefu hadi chini.  Kisha akauliza, "Na nilikuwa napanga vizuri?"

"Vizuri sana, Mzee. Hukukosea hata mara moja."

Akavaa kofia. "Basi kazi ni ile ile. Nyambu alitaka ifanyike. Kuitwa, hata mimi nyumbani kuna wasioniita jina, na bado nalishwa." Akasimama mlangoni, akatazama ule mlango wa nyuma. "Mwambie mama Kezia arudi ndani, jua ni kali."

Nikakaa pale, Kaka. Nikalia kidogo. Kidogo tu, maana karatasi zilikuwa mezani.

Sasa hizi ni ahadi zangu mpya, na nimezipunguza ili niziweze. Juu ya kila kibarua, kwenye ule mstari ambao mashine huuruka lakini binadamu huusoma, nimeandika jina lake la kwanza na mwenye jina. Kwa PANGA nimeandika: "Kazi hii alitufundisha Mcharo wa Ronge. Aliyemtazama na kuiandika ni Nyambu." Atakayekuja baada yangu, akiwa na tai au hana, atausoma. Hakuna atakayeufuta mstari huo nikiwa hai, na nikiona naumwa kifua nitamfunza Mumbua kwanza, si kumwahidisha kitu kitandani. Hilo nalisema bila kukulaumu. Nakulaumu kidogo.

Jumatatu bwana wa Nairobi anarudi kukagua. Nitavaa gauni la kijani. Nitamwonyesha majina, nitamwonyesha bawabu, nitamwonyesha kwamba ofisi tatu zimeendelea bila kusimama hata siku moja. Kazi yako haifutwi. Nimesema.

Kitambaa nilichokufumia cha kufunika kompyuta bado kipo, ni chekundu sasa kwa vumbi, kilianza cheupe. Bakuli la bluu nalitumia mimi. Pumzika, Kaka yangu. Kama huko kuna mstari wa kupita, usisukume. Kaa tulivu, watakufikia wakitazama wawili wawili.

Ni mimi mwanafunzi wako asiyesikia,
Mghoi

Nilikuwa nimeshaikunja barua. Sasa hivi mhudumu wa treni ameniletea jibu la Taveta. Karani wao anashukuru kwa diski mpya. Anasema ameiweka kabatini pamoja na zile nyingine zote, hazijaingia vumbi, na kompyuta nayo iko salama ndani ya sanduku lake. Ripoti ataendelea kuipanga kwa rula na kuipiga taipu kama kawaida. Ofisi yao haijawahi kuwa na umeme.